Uzi Kwenye Nafasi ya Tatu

Katika mji ule hakuna mtu aliyekufa peke yake. Akizimika mmoja, wote waliokuwa nyuma yake walisogea mbele nafasi moja, na kusogea huko kulikuwa nusu ya kifo, maana anayesogea huacha jina lake palepale alipokuwa ameketi, akalivaa la mwenzake likiwa bado na joto la mwili. Ndivyo Kitovu kilivyotaka. Wahunzi wote waliitwa Mhunzi, waosha vyombo wote waliitwa Mwosha, na kilichowatenga ni namba tu, wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu, hadi mkiani mwa foleni ambako wapya walioitwa kazini walikuwa wakijifuta usingizi wa kutokuwapo. Wa Kwanza akizimika, wa Pili huamka akiwa wa Kwanza. Hakuna tangazo wala matanga. Mtu hulala akiwa huyu, akaamka akiwa yule, na ukimuuliza jana alikuwa nani atakuna kichwa na kukuambia usimchoshe.

Kitovu chenyewe hakuna aliyewahi kukiona. Waliona mirija tu, iliyochomoza ukutani, kila mtu na wake, na kwenye mirija hiyo pumzi ilikuja kwa zamu: kidogo kwako, kidogo kwa jirani yako, kidogo kwa yule wa mbali, kisha tena kwako, upesi kiasi kwamba kila mtu alidhani anapumua bila kukoma. Huo ndio uliokuwa ujanja mkubwa wa mji ule. Kati ya pumzi na pumzi watu wote walikuwa maiti na hakuna aliyejua. Mapenzi yalikatwa katikati yakaungwa, ugomvi vilevile, na aliyecheka alicheka vipandevipande akidhani ni kicheko kimoja. Sijui ni nani aliyekipa Kitovu haki ya kugawa pumzi za watu. Wao pia hawakujua, na wachache waliojaribu kuuliza waligundua kwamba kuuliza nako kunakula pumzi.

Kila pumzi iliyovutwa ilidondosha tone la maji kwenye chupa. Chupa zilipangwa juu ya rafu ndefu katika Ukumbi wa Chupa, kioo kitupu, hazina jina wala alama. Majina yalichongwa kwenye mbao za rafu. Mwenye chupa akizimika, chupa yake ilimwagwa, na zilizokuwa nyuma yake zikasukumwa mbele kimyakimya, kila moja ikakaa juu ya jina lililokuwa la nyingine. Waliozichunga waliitwa Watazamaji, nao walikatazwa kabisa kuziona nyuso za wenye chupa wanaoshukiwa. Kitovu kilisema, kama kweli kiliwahi kusema chochote, kwamba uso huvuruga kipimo.

Mtazamaji wa Pili alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno, na alikuwa na jina la chumbani, yaani jina ambalo mtu hupewa na wanaompenda na ambalo rafu hailitambui. Aliitwa Sikudhani. Wakati habari hizi zinapomkuta alikuwa na kitu kimoja tu kifuani, nacho ni chuki. Sitaipamba. Wako watakaosema ilikuwa huzuni iliyokosa pa kwenda, na hao waachwe na upole wao. Ilikuwa chuki safi. Aliilisha, akalala nayo, na alipoamka alipapasa kwanza kuona kama ipo.

Sababu yake ilikuwa dada yake, Raya, aliyekuwa Mwosha wa Sita. Zamu moja Sikudhani alikuwa ukumbini, akaona chupa ya Raya imetulia. Tone lililotakiwa kudondoka halikudondoka. Akangoja. Halikudondoka. Na palepale, kwenye rafu ya wahunzi, chupa iliyokaa juu ya jina la Mhunzi wa Tatu ikaanza kudondoka mfululizo kama paa bovu wakati wa masika. Mtazamaji hahitaji kuambiwa maana yake. Mtu alikuwa ameutoa mdomo wake kwenye mrija wake akaubandika kwenye wa mwingine. Sikudhani alikimbia, mguu huu na ule, na alipofika alimkuta Raya amekaa kwenye ndoo yake, sahani mkononi, povu bado halijakauka, macho wazi. Hapakuwa na mtu mwingine. Aliitoa ile sahani vidoleni mwake, akaisuuza, akaiweka pamoja na zilizokwisha oshwa.

"Mhunzi wa Tatu," akasema kwa sauti ya kawaida, mbele ya maiti, "nitakuzima."

Sheria ilimruhusu. Kila aliyefiwa alikuwa na neno moja, moja tu kwa maisha yake yote, la kumtaja aliyevuta pumzi isiyo yake. Lakini neno halikupokelewa bure. Chupa ilipaswa kutazamwa mara mbili. Kutazama mara moja hakusemi kitu, kwa kuwa maji yaliyomo ni ya tangu mtu alipoitwa kazini, ya jasho na ya kukoroma, ya haki na ya wizi, yote yamechanganyika na hakuna awezaye kuyachambua. Ni lazima uone yalipokuwa, uondoke, urudi uone yalipofika. Mtu hayupo kwenye maji ya kwanza wala ya pili, yupo katika ile tofauti. Anayetazama mara ya kwanza hufunga uzi mwekundu kwenye rafu, chini ya chupa, usawa wa maji ukipimwa kwa urefu wa uzi wenyewe. Akirudi akakuta maji yameupita uzi kuliko zamu inavyoruhusu, hulisema neno lake, na Mkono hufanya kazi yake. Mkono ulikuwa ndio unaozima. Haukuwa na macho.

Sikudhani alifunga uzi kwenye nafasi ya Mhunzi wa Tatu. Aliukaza kwa raha.

*

Nitakuzima. Sijui uso wako, sitaki kuujua. Nakujua kwa mahali pako. Wa Tatu. Wa Tatu. Ningekuwa na dada mwingine ningemwambia, njoo uone ninavyohesabu. Wewe ni nani? Wewe ni yule aliye baada ya wa Pili. Mimi je? Mimi ni yule aliye baada ya wa Kwanza. Nilikuwa wa Tatu zamani, nakumbuka, nilikuwa naogopa kunguru. Wa Pili aliyenitangulia alipozimika nikaacha kuogopa kunguru, nikaanza kupenda ndimu. Ndimu ni zake. Hofu ya kunguru sasa anayo Ngwali, wa Tatu wa sasa. Basi kipi changu? Hiki. Hii chuki haikuwa ya mtu kabla yangu. Nikisogezwa nitaibeba. Hii ndiyo mimi.

*

Kulikuwa na desturi moja ya Watazamaji, ndogo, ambayo nje ya mji ule isingekuwa na maana yoyote. Kabla ya kutazama mara ya pili, ilimbidi mtu apite kichwani mwa rafu kwa Mtazamaji wa Kwanza na kumuuliza, "Imemwagwa?" yaani ile chupa au yoyote iliyo mbele yake. Basi. Mtazamaji wa Kwanza alikuwa Bi Kazija, mwanamke mkongwe aliyelala mlemle ukumbini, naye alisikia kila chupa ilipomwagwa hata akiwa usingizini. Akijibu "Haijamwagwa," uzi unasema kweli. Akijibu "Imemwagwa," uzi umekwisha kuwa wa mtu mwingine, na lazima kuanza upya. Huo ndio ulikuwa utaalamu wote wa Watazamaji. Mengine ilikuwa kusimama tu.

Siku ya kutazama mara ya pili, Sikudhani aliingia ukumbini mbio. Bi Kazija alikuwa ameketi kitako kichwani mwa rafu, mikono ikimtetemeka kama kawaida yake, akauinua mmoja.

"Mwanangu, hebu kwanza..."

"Shikamoo Bi, nakuja," akasema Sikudhani, na akapita.

Akapita! Mwanamke aliyewafundisha wengine kuuliza. Nikifika hapa mimi hutaka kumshika bega nimrudishe, lakini hasira ina miguu yake. Alifika kwenye nafasi ya tatu na maji yalikuwa juu ya uzi, juu sana, karibu na shingo ya chupa. Hakuna mapafu yanayoweza kuvuta kiasi kile katika muda ule. Mtazamaji mwenye akili timamu angeshtuka na kujiuliza. Akili ya Sikudhani ilikuwa na njaa, na sahani imewekwa mbele yake. Akalisema neno lake: "Mhunzi wa Tatu." Mahali fulani ndani ya ukuta mrija ukafungwa. Chupa ikamwagwa pale pale mbele ya macho yake, maji yakapita kwenye mfereji, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu Raya.

Utulivu wenyewe haukudumu. Alikuja mwanamke mlangoni mwa ukumbi, mfupi, kichwa wazi, unga wa mkaa umemganda shingoni. Aliitwa Mize.

"Nani alimtaja Mhunzi wa Tatu?"

"Mtazamaji wa Pili," akajibu Sikudhani bila kujificha. "Ni mimi."

"Alikukosea nini mume wangu?"

"Alimuua dada yangu. Alivuta pumzi yake, Raya, Mwosha wa Sita, akamwacha kwenye ndoo kama tambara."

Mize alinena polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Mwosha alipokufa Pandu wangu alikuwa wa Nne. Wa Nne, unanisikia? Alikuwa wa Nne tangu nilipomjua. Wenzake walikaa, yeye akafua vyuma vyao na vyake, anarudi mgongo haunyooki. Chupa yake ilijaa kwa kazi! Amekuwa wa Tatu zamu iliyopita tu, mhunzi mkubwa alipozimika. Hata kulizoea hilo jina hajalizoea. Nilikuwa namwita, haitiki."

Sikudhani aligeuka akautazama ubao wa Mhunzi wa Tatu.

"Hukuuliza kama imemwagwa," akasema Mize. "Kila mfiwa huambiwa swali hilo mlangoni. Nyie si ndio kazi yenu?"

"Sikuuliza."

"Hukuuliza." Mize alichomoa uzi mwekundu kwenye upindo wa kanga yake, akaingia, akautafuta ubao wa Mtazamaji wa Pili, akaufunga chini ya chupa ya Sikudhani kwa fundo kavu. "Nami nina neno langu moja. Nitarudi."

*

Fikiria basi hali yake. Aliyemuua Raya yu hai, amesogea mbele, sasa ni Mhunzi wa Pili, na neno la Sikudhani limekwisha, limetumika kwa mtu aliyekuwa akichapa kazi. Aibu alikuwa nayo, sisemi hakuwa nayo. Ilimla. Lakini ukichimba chini ya ile aibu ulikuta chuki ileile imekaa, haijaguswa, imeongezeka kimo. Alilia kwa ajili ya Pandu huku akisaga meno kwa ajili ya mwingine. Na hapo ndipo swali ambalo mji mzima ulilikwepa lilipomkalia kooni: kama Kitovu kinahesabu mahali, na Mkono unazima mahali, na mtu anahama kutoka mahali hadi mahali, basi haki inampata nani? Inakipata kiti. Mwenye nguvu katika mji ule hakuwa mwenye pumzi nyingi wala mwenye namba ndogo. Alikuwa yule anayejua ni lini watu watasogea. Na mtu anayejua ni lini watu watasogea ni yule anayewasogeza.

Alilielewa hilo kabla hajaambiwa. Aliyekuja kumwambia alikuja mwenyewe, akitembea kwa kuchechemea, kwa maana Mhunzi wa Pili aliyemtangulia alikuwa kiwete na wa sasa alianza kuurithi mguu. Alikuwa mwanamume mzuri wa sura, hilo lazima lisemwe, mwenye meno yaliyopangika na kicheko cha karibu. Alikiuka sheria kuja kumwonyesha Mtazamaji uso wake, lakini hakuwa na mshipa wa aibu.

"Naitwa Vuai," akasema. "Jina la chumbani. Nimesikia umenitafuta, dada, ukampata jirani."

Sikudhani aliutazama uso ule akaukariri: paji, kovu la cheche chini ya jicho, ndevu zisizofika mashavuni. Alikuwa amechukia namba muda wote. Sasa namba ilikuwa na mdomo, na mdomo ulikuwa unacheka.

"Usinune. Nilipoona uzi chini ya chupa yangu nilijua siku zimekwisha. Nikakaa nikawaza. Nikasema, uzi umefungwa kwenye ubao, haukufungwa shingoni mwangu. Nikaenda kwa mzee wetu, wa Kwanza, nikamkalia mrija. Alikuwa mzee, hakupigana. Sote tukasogea. Uzi ukabaki, na Pandu akaukalia. Basi! Kazi rahisi kuliko kutengeneza msumari."

"Na Raya?"

"Raya yupi?"

Hakuwa akijifanya. Hakujua jina.

"Mwosha wa Sita."

"Aa, yule. Nilikuwa na kiu ya pumzi. Mrija wake ulikuwa karibu." Akaketi bila kukaribishwa. "Sasa sikiliza, bibie, maana sikuja kukutambia tu. Na wewe una uzi. Mke wa Pandu atarudi. Lakini wa Kwanza wenu si yule bibi anayetetemeka? Nasikia mikono yake haishiki mrija, wewe ndiye unayemshikia kila zamu. Chelewa. Usimguse, usimpige, chelewa tu. Akizimika, wewe unakuwa wa Kwanza, na yule mnene wenu, Ngwali, anaukalia uzi. Mke wa Pandu atalisema neno lake, litamwangukia Ngwali, na wewe utaishi. Unaona? Mimi na wewe tu katika mji huu tunaoujua mlango huu."

"Unataka nini?"

"Fundo."

Fundo lilikuwa ruhusa ambayo Kitovu kilitoa kwa wanaotaka kuishi kama mmoja. Mirija yao iliungwa, chupa ya mmoja ikamiminwa ndani ya chupa ya mwingine, na aliyemimina aliacha namba yake na kazi yake, akahesabiwa chini ya jina la mwenzake mpaka mwisho. Halikufunguliwa. Wapenzi wengi waliliogopa.

Vuai alieleza kwa nini alilitaka, na alieleza vizuri. Karakana ya wahunzi ilikuwa imemchosha. Tangu Pandu alipozimika kazi yote ilimwangukia yeye. Mguu wa aliyemtangulia ulikuwa ukimpanda hadi kiunoni, na zamu za kulala aliota watoto wasio wake. Ukumbini kulikuwa baridi, kazi ni kusimama, na Mtazamaji huona nyuzi zote zinapofungwa.

"Mimi najua kusogeza watu," akasema, "wewe unaona nani amefungiwa uzi. Tukiwa chupa moja hakuna atakayetugusa. Tutafika mbali, mke wangu."

Lile neno la mwisho lilimpanda Sikudhani mwilini kama tandu. Alijizuia asimtemee mate. Akashusha macho, akayainua tena, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alitabasamu kwa hiari.

"Tufunge," akasema.

*

Fundo lilifungwa. Mkono ulikuja na kazi yake haikuchukua muda: mirija ikaunganishwa, na chupa ya Vuai, nzito, ikamiminwa ndani ya chupa ya Sikudhani. Maji yalipanda. Yalipanda yakaupita uzi wa Mize, yakazidi kupanda. Yeye alisimama akiyatazama yalivyopanda, maji ya wizi, pumzi ya dada yake ikiwemo mle ndani, na hakupepesa. Vuai alikuwa akipiga mluzi.

"Huyo bibi?" akauliza baadaye.

"Bado. Ana roho ngumu."

"Mke wa Pandu atarudi lini?"

"Nitakuwa tayari. Wewe pumzika."

Naye alikuwa akichelewa kweli. Msidhani alikuwa mtakatifu. Zamu ile alichelewa kumshikia Bi Kazija mrija, akasimama nje ya pazia akisikiliza kifua cha mkongwe kikikwaruza, na alijua kwamba akisimama hivyo kidogo tu zaidi ataishi. Ataishi miaka. Atakula ndimu. Na atakuwa amefungwa na Vuai katika chupa moja, wote wawili wazima, wakifika mbali. Hilo la mwisho ndilo lililomsukuma ndani. Aliingia, akauweka mrija mdomoni mwa bibi.

Bi Kazija alivuta, akavuta tena, rangi ikamrudi.

"Leo umechelewa, mwanangu."

"Nimechelewa, Bi. Nisamehe."

"Nilikusikia hapo nje. Mimi nasikia chupa, nitashindwa kusikia miguu?" Akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vyake vinavyotetemeka. "Mimi nimeishi kupita kiasi. Ukitaka nafasi yangu sema, nitaugeuza mdomo mwenyewe."

"Siitaki, Bi. Nataka uishi. Leo hasa, nataka uishi kuliko mtu yeyote."

"Kwa kunipenda?"

Sikudhani alifikiri. "Kukupenda kupo. Lakini si kwa hilo."

Mkongwe alimtazama machoni, akaona alichokiona, akaachia mkono wake. "Haya," akasema. "Basi mwite Ngwali aje anishikie. Wewe utakuwa na kazi."

Ngwali, Mtazamaji wa Tatu, alikuja akihema, mikono yake minene ikinukia vitunguu. Sikudhani alimwambia asiutoe mrija mdomoni mwa bibi hata dari ikianguka, na asimwambie mtu kama bibi yu hai. Ngwali aliuliza kwa nini. Akaambiwa, "Kwa sababu unapenda kula." Alidhani ni utani, akacheka, akaushika mrija kwa mikono yote miwili. Hakujua kabisa kwamba alikuwa ameishikilia roho yake mwenyewe.

*

Wa Pili. Mimi ni wa Pili. Msinisogeze. Watu wote wa mji huu wanaomba wasogezwe mbele, mimi naomba nikae. Raya, nilikuwa nikidhani kulipa kisasi ni kumfikia mtu. Nilimkimbilia, akawa amehama. Ukimkimbilia mtu wa hapa unafika mahali alipokuwa. Kumbe inatakiwa umfunge kwako, halafu usimame. Usimame tu. Mahali penyewe patamkuta.

*

Mize alirudi. Watu waliruhusiwa kushuhudia kutazama kwa mara ya pili, nao walijaa, wahunzi wakiwa upande wao na waosha upande wao, ndoo miguuni. Vuai alikuja amejitanda shuka safi, akakaa bega kwa bega na Sikudhani, mirija yao iliyoungwa ikining'inia kati yao.

"Bibi?" akanong'ona.

"Amekata. Nimemfunika mwenyewe."

"Vizuri. Mnene yuko wapi?"

"Anakuja."

Vuai alinyoosha mguu wake mbovu kwa starehe. Mize alipita katikati ya watu bila kumwangalia mtu, akafika kwenye rafu, akainama kwenye uzi wake. Watu waliona maji yalivyoupita, wakaguna. Yeye hakushtuka, hakufurahi. Akainuka, na kabla ya yote akageuka kuelekea kwenye pazia la kichwani mwa rafu.

"Imemwagwa?" akauliza.

Vuai alikunja uso. Hakuijua desturi ile, wahunzi hawakuijua. Akageuka kumtazama mkewe, kicheko bado kikiwa mdomoni, kikingoja kuambiwa kwamba si kitu.

Nyuma ya pazia sauti ya Bi Kazija ikatoka, dhaifu lakini nzima. "Haijamwagwa."

"Nani huyo?" akasema Vuai. Kisha, kwa sauti ya juu, "Nani huyo?"

"Mtazamaji wa Kwanza," akasema Sikudhani. "Nami ni wa Pili. Sikusogea."

Alielewa. Haikumchukua muda, hakuwa mjinga. Aliukamata mrija akaanza kuuvuta kwenye kiungo, akautafuna, akasimama na kuanguka kwa ule mguu wa kurithi. "Mimi ni mhunzi!" akapiga kelele. "Niangalieni! Niangalieni uso! Mimi si Mtazamaji, mimi ni mhunzi, muulizeni yeyote!" Wahunzi walimtazama. Walikuwa wakimfahamu sana. Hakuna aliyefungua mdomo.

Mize alikuwa amesita, neno likiwa ulimini. Aliwatazama wawili wale, mwanamume anayegaagaa na mwanamke aliyekaa.

"Huyu ni nani?" akamuuliza Sikudhani.

"Ndiye aliyekuwa wa Tatu kabla ya Pandu. Ndiye aliyemsogeza mumeo kwenye uzi. Mimi ndiye niliyemtaja mumeo bila kuuliza. Una neno moja, Mize, nami nimekuletea wote wawili."

Vuai alitambaa akaufikia upindo wa kanga ya Mize, akamwita mama, akamwita shemeji, akaapa kwa majina ambayo hayakuwa ya mtu yeyote. Mize aliuvuta upindo wake mkononi mwake.

"Mtazamaji wa Pili," akasema.

Ndani ya ukuta kitu kilijifunga. Pumzi iliyokuwa njiani ilikuwa ya mwisho, na ilikuwa moja kwa mirija miwili. Vuai aliifungulia kinywa chote. Sikudhani alikiweka kidole chake juu ya kiungo, akakikandamiza, akaivuta pumzi yote upande wake. Aliizuia kifuani, asiitoe, akaegemea karibu na uso wa yule mwanamume, karibu kabisa, apate kumwona vizuri akizimika.

Akaona.